Mhariri, yule wa ukutani siyo vumbi wala funza, ni nondo, na jina mlilompa naomba mlirudishe

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nanunua gazeti pale kituoni Tabata kila Jumamosi kabla sijapanda daladala, na kama wazee wenzangu wengi naanza na barua za wasomaji alafu ndo nakuja kwenye habari zenyewe. Juzi kwenye ule ukurasa wenu wa nyumba na familia mlitoa picha ya kile kidude cha kijivu kinachonasa ukutani, chini yake mkaandika "Phereoeca Uterella, funza wa vumbi anayekula plasta", mkashauri watu wapulize dawa nyumba nzima alafu wakalale kwa ndugu siku moja. Nimesoma mara tatu. Nilicheka kwanza, baadae nikaudhika, na ndo maana nachapa barua hii kwa simu, kidole kimoja, miwani puani, kwahiyo herufi zikiruka mnisamehe.

Nimefanya kazi ya fundi maabara shule za sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu, siyo profesa, ila kuangalia mdudu nimefundishwa na nimefundisha.

Kwa wasiomjua, na nadhani hakuna mtu wa Dar asiyemjua ila hajui kama anamjua: ni kile kifuko kidogo bapa, kimechongoka pande zote mbili kama mbegu ya boga, urefu hauzidi sana sentimita moja, rangi ya vumbi, utakikuta pembeni ya dirisha, nyuma ya kabati, chini ya silingi bodi, bafuni karibu na swichi. Ukikipita asubuhi kipo hapa, jioni ukirudi kimesogea hatua mbili. Nyumbani kwangu tunakiita kifuko tu. Mjukuu wangu mara ya kwanza kukiona alikuja mbio, "Babu, vumbi linatembea!", na mi nasema huyo mtoto alikuwa karibu na ukweli kuliko mwandishi wenu, kwasababu yeye angalau aliangalia.

Ndani ya kile kifuko yumo kiwavi. Siyo funza jamani, funza ni mtoto wa inzi, hana miguu wala kichwa cha kueleweka, huyu ana kichwa kigumu cha kahawia, ana miguu sita mbele ambayo ndo anajivutia nayo, na akikua anakuwa nondo. Sasa neno nondo nalo hapa mjini lina shida zake, ukimwambia mtu wa Dar kuna nondo ukutani anajua unaongelea zile za chuma za kujengea, na vijana wakisema fulani kashusha nondo wana maana kaongea vitu vizito. Lakini nondo ni jina la Kiswahili safi la yule mdudu anayefanana na kipepeo, anayezunguka taa usiku, na huyu wa kifuko ni wa ukoo huo, familia ya Tineidae, familia ileile ya wanaotoboa nguo za sufu.

Na plasta hali. Nilivyofuatilia nikaelewa kosa lilipotokea, Wamarekani wa kule Florida walimpa jina la mtaani lenye neno plasta ndani yake kwasababu walikuwa wanamuona kwenye kuta zilizopigwa plasta, basi mwandishi kagugo, kakuta neno plasta, kajazia mwenyewe kuwa anaila. Ni kama mtu aseme panya buku anasoma vitabu. Kinachoonekana kama kala ukuta ni kwamba anachukua chembe za mchanga na rangi kwa ajili ya kujengea kifuko chake. Ninacho kimoja hapa mezani kina punje za bluu kama tano hivi mgongoni, na chumba cha wageni ndo chenye rangi hiyo ya bluu, vyumba vingine vyote ni krimu, kwahiyo najua kabisa alizaliwa wapi na kahamia sebuleni.

Chakula chake ni nywele, manyoya, sufu, wadudu waliokufa, na hasa utando wa buibui wa zamani. Hilo la utando alilichunguza mtafiti mmoja, Kea, huko Florida tangu 1933. Mwaka 1979 mtafiti mwingine, Annette Aiello, akiwa Panama aliwalea hawa viwavi kwa kuwapa mbu waliokufa na nywele za kichwani kwake mwenyewe, wakakua vizuri hadi wakawa nondo. Niliposoma hiyo nikasema basi hata mimi naweza, mbu si wapo, nywele ndo zinanipungukia.

Nikachukua kopo la jamu, nikatoboa kifuniko kwa msumari, ndani nikaweka kipande cha pamba chenye maji kidogo maana hawa wanapenda unyevu, na hiyo ndo sababu mji wetu wa pwani wanaupenda hivi, hasa nyumba zisizo na ac na hasa kipindi cha masika. Nikaweka vifuko vinne. Mbu nilikusanya kwenye chandarua asubuhi, nywele nikaomba kwa binti yangu mwenye saluni, akaniuliza "Baba, umeanza uganga?" nikamwambia we nipe tu usiniulize.

Mhariri, ningependa mwandishi wenu angekuwepo kwenye hilo kopo na lensi ya mkononi. Kifuko kina mlango pande zote mbili. Kiwavi anatoa kichwa upande huu, anavuta, anakula, alafu ukimgusa anarudi ndani na ile ncha inajibana yenyewe kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Subiri kidogo, anatokea upande wa pili! Kageuka humo humo ndani, mahali ambapo wewe unaona hata sindano haiwezi kugeuka. Ndani kote amepaka hariri, laini nyeupe, takataka zote ziko nje. Na akikua hahami nyumba, anaipanua hiyo hiyo. Kwa mujibu wa waliowapima, kuanzia kutotolewa mpaka kukomaa anachukua kama siku 50 hivi, anajivua ngozi mara kadhaa, na kila akiongezeka mwili anaongeza na kifuko.

Akikaribia kuwa pupa, yani ile hatua ya kujifungia kabla ya kuwa nondo, anapanda juu, anakishikiza kifuko kwa hariri pande zote mbili, alafu anafanya kitu ambacho mi nilikiona kwa macho yangu nikaita watu: anaikata ncha moja kidogo kidogo ubavuni, kulia na kushoto, ili ile ncha iwe bapa, ifunguke kirahisi kama mfuko wa karanga. Kwanini? Kwasababu nondo mkubwa hana meno ya kukata. Asipojiandalia mlango sasa hivi akiwa bado kiwavi atafia ndani. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa, mchana, watu wanajiandaa kula, nikasikia mjukuu anapiga kelele, nikakuta ganda la pupa limechomoza nusu nje ya kifuko na pembeni kasimama nondo wa kijivu, mdogo kuliko punje ya mchele, mabawa kayakunja kama paa la nyumba, kichwani nywele timtim kama mtu katoka kulala. Mabawa ya mbele yalikuwa na madoa meusi, niliyahesabu manne. Hapendi kuruka, anakimbia. Huyo mkubwa haumi mwili wako, hatoboi nguo, kazi yake ni kutafuta mwenzake na kutaga, jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 200 kwenye nyufa na pale sakafu inapokutana na ukuta.

Sasa ndo nije kwenye lile lililonikalisha, la jina.

Mmeandika Uterella kwa herufi kubwa. Hilo dogo, jenasi, yani jina la kwanza la kundi lake, ndo inaanza na herufi kubwa, jina la pili, la spishi yani aina yenyewe, linaanza na ndogo hata kama limetoka kwa mtu maarufu, sheria hiyo wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wanakosea na nilikuwa nawakata nusu maksi, nanyi nawakata nusu. Kubwa ni kwamba mlijuaje kuwa ni uterella? Kwa picha ya kifuko? Hiyo ni sawa na mtu akupe picha ya mlango wa nyumba umwambie kabila la anayeishi ndani.

Historia ya hilo jina yenyewe ni vurugu. Aliyelitoa ni Lord Walsingham, Mwingereza, mwaka 1897, kwa nondo wa upande wa Amerika. Huyu bwana alikuwa tajiri wa mashamba, anajulikana pia kwa kuua ndege 1,070 kwa bunduki siku moja mwaka 1888, sijui kama ni sifa au la, lakini huyohuyo alikuwa na subira ya kuangalia vinondo vya milimita chache na akaacha mkusanyo wa wadudu zaidi ya 260,000 uliokwenda makumbusho ya London mwaka 1910. Yeye alimuweka kwenye jenasi Tineola, kundi moja na yule nondo wa nguo anayejulikana dunia nzima. Mwaka 1933 mtaalamu wa nondo August Busck akatoa jina jingine, walsinghami, kwa heshima ya lodi huyohuyo. Mwaka uliotangulia, Edward Meyrick, mwalimu wa shule ambaye maishani mwake alizipa majina spishi za nondo zaidi ya 14,000, alikuwa ameshatoa jina lake pia, dubitatrix. Huyu Meyrick ni mwalimu mwenzetu nampenda, lakini ndo haohao waliosababisha foleni ya majina, alikuwa anaamini mishipa ya bawa na lensi yake basi, kupasua nondo aangalie viungo vya ndani hataki.

Mwaka 1956 wataalamu wawili, Hinton na Bradley, wakasema jamani hawa wenye vifuko bapa siyo Tineola kabisa, wakawatengenezea jenasi yao, Phereoeca. Jina hilo wamelitoa kwenye Kigiriki, maana yake mbeba nyumba, Wagiriki wa kale walikuwa wanamwita konokono hivyo. Zuri sana, na linaelekeana kabisa na kitu chenyewe. Kwahiyo leo ukiandika kwa ukamilifu unaandika Phereoeca uterella, alafu Walsingham na mwaka 1897 unaviweka ndani ya mabano. Yale mabano siyo pambo, yanakwambia kwamba aliyemtaja mwanzo alimuweka jenasi nyingine akahamishwa. Mabano mawili tu, historia ya miaka 60 imo humo.

Na Afrika je? Hapa ndo nilipo mimi. Uterella ana ndugu zake. Yupo allutella, ambaye Hans Rebel alimueleza mwaka 1892 kutoka visiwa vya Canary, na baadae akaonekana mpaka Sierra Leone na hapa jirani zetu Seychelles. Yupo Phereoeca praecox, ambaye walimueleza László Gozmány wa Budapest na Lajos Vári wa Pretoria mwaka 1973, kwenye kitabu chao kikubwa cha nondo wa familia hii wa Afrika kusini ya Sahara. Huyo praecox haandikwi na mabano, kwasababu alizaliwa ndani ya Phereoeca na hajahama. Yani Afrika tuna spishi yetu ya kifuko bapa, ilishapewa jina, ina vielelezo makumbusho, nusu karne sasa, alafu gazeti la Kiswahili linalochapwa Dar linachukua jina la Florida linabandika kwenye ukuta wa Mtanzania! Hapo ndo niliudhika.

Sisemi wa kwangu ni praecox. Nikisema hivyo ntakuwa nimefanya kosa lenu kwa upande wa pili. Nondo hawa wakipanga mstari mmoja wote ni vijivu vyenye madoa, na madoa yenyewe yanafutika maana bawa la nondo ni magamba ya unga, ukimshika vibaya umebaki na kidole kinachong'aa na nondo mwenye upara. Kifuko nacho kinategemea takataka za nyumba husika. Kinachotenganisha spishi ni sehemu za uzazi, samahani kwa wasomaji wanaokula, ndo ilivyo. Unakata tumbo, unaliloweka kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka nyama inayeyuka zinabaki sehemu ngumu, unasafisha, unaziweka kwenye kioo cha slaidi, unaangalia kwenye hadubini na kulinganisha na michoro ya kina Gozmány. Kwa dume kuna vibanio, kila spishi na umbo lake, kama ufunguo na kitasa. Nilishawahi kufanya kwa nondo wakubwa wa shule, mkono ukiwa bado haujaanza kutetemeka. Kwa huyu wa milimita tano sijaribu, nitamharibu.

Njia nyingine ni vinasaba. Tangu 2003 Paul Hebert na wenzake wa Guelph, Kanada, walipendekeza kusoma kipande kimoja kifupi cha jeni inayoitwa COI, herufi kama 658, kama zile baakodi za supamaketi, alafu unalinganisha na hazina ya spishi zilizokwisha kusomwa. Mguu mmoja tu wa nondo unatosha. Lakini hata hiyo inategemea kuwa kuna mtu alishakaa akapasua na kumtaja wa kulinganisha naye, la sivyo unapata namba tu.

Kabla hajafanyiwa hayo, wataalamu wanaandika Phereoeca alafu wanaweka sp. na nukta yake, maana yake jenasi tunaijua, spishi bado. Siyo aibu. Nimewahi kuona vibandiko vya makumbusho vyenye hiyo sp. vya miaka na miaka. Herufi mbili na nukta, zinachukua nafasi ndogo kuliko Uterella na zinasema kweli.

Kuna rafiki yangu, jirani, mwalimu wa Kiswahili, aliniambia mzee unajisumbua, nani anajali ni praecox au uterella, si wote ni uchafu wa ukutani. Nikamwambia we mbona unakasirika watu wakiandika "hakuna aliye fika" badala ya "aliyefika". Akanyamaza akaomba chai. Ila kuna na sababu ya mfukoni. Mkulima wa mahindi akikosea kati ya kiwavijeshi wa siku zote na yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016, anapiga dawa siyo wakati wake, anapoteza hela na mahindi pia. Yule vamizi anatambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia, maafisa ugani wamewafundisha watu na watu wakaelewa, vijijini huko, bila hadubini. Kwahiyo msiniambie wasomaji wa mjini hawawezi.

Na hiyo dawa mliyoshauri. Mpangaji wangu, mama wa watoto wawili, alisoma gazeti lenu nililomuazima mimi mwenyewe, akaenda kununua makopo mawili ya dawa ya kupuliza, akafunga madirisha, akapuliza. Kesho yake mende wamekufa, mjusi kafa, vifuko vipo palepale kwasababu kiwavi alijifungia ndani akasubiri. Watoto walikohoa siku mbili. Ningekuwepo ningemwambia achukue ufagio wa dari aondoe utando wa buibui, nyuma ya kabati afagie nywele na vumbi, vifuko avibandue kwa mkono avitupe nje, dirisha lifunguliwe hewa ipite, basi. Mwenye suti ya sufu aitoe kwenye kabati aianike. Kanga na vitenge vya pamba havimhusu. Mwenye wigi la nywele za binadamu, na najua bei zake maana binti yangu anauza, alifunge kwenye mfuko usiopitisha mdudu, hizo nywele ni chakula kabisa. Rasta za plastiki hazigusi.

Ninachoomba Mhariri ni kitu kidogo. Jumamosi ijayo, hata kwenye kona ya chini pale mnapowekaga masahihisho, andikeni kwamba yule wa kwenye picha ni kiwavi wa nondo wa jenasi Phereoeca, spishi yake haijathibitishwa, na kwamba hali plasta. Mwandishi wenu msimkaripie, alikuwa na haraka ya ukurasa, nami nimeshakuwa kijana. Mkiwa mnamtuma mtu kuuliza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani kuna idara ya zuolojia, ni daladala moja tu, mbili kukiwa na foleni.

Nondo wangu wa kwanza alikufa siku ya saba. Nimemuweka kwenye bahasha ndogo ya karatasi, siyo plastiki maana plastiki inaleta ukungu, pamoja na kifuko chake na ganda la pupa, nimeandika kwa penseli: Tabata, Dar es Salaam, chumba cha wageni, ukutani, tarehe, na jina la aliyemuokota ambaye ni mjukuu wangu. Wawili walitoka wiki iliyopita nao wana bahasha zao. Wa nne bado kajifunga juu ya kifuniko, ameshaikata ile ncha, nadhani kesho kutwa mchana. Mwandishi wenu akitaka kuja kumuona anakaribishwa, ila aje kabla ya saa sita.

Ni mimi,
Fundi maabara mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam.